Elimu ya Kiasi: Biashara na Msitu katika Shahada Moja

Tumfikirie mzazi mmoja wa wilaya ya Kilwa, mtu wa kawaida kama walivyo wengi. Mwaka jana, kabla ya mvua, alifyeka sehemu mpya ya msitu, akaichoma moto, akapanda ufuta. Ufuta ukakubali, bei ikawa ya kuridhisha, na fedha zikawekwa kando kwa ajili ya karo. Sasa binti yake amemaliza kidato cha sita, naye asema: “Baba, nataka kusoma biashara pamoja na utunzaji wa mazingira, vyote viwili kwa mara moja, nipate kujua jinsi watu wawezavyo kupata riziki katika msitu pasipo kuumaliza.” Baba mkubwa, aliyeketi mkekani, atikisa kichwa na kusema: “Mwanangu, mshika mawili moja humponyoka.” Naye baba mzazi anyamaza, maana aukumbuka moshi wa shamba lake.

Mzazi huyu tumemtunga sisi, lakini jambo lake hatukulitunga. Mkoa wa Lindi ni miongoni mwa mikoa inayotoa ufuta mwingi katika nchi yetu, na shamba jipya la ufuta mara nyingi hupatikana kwa kufyeka msitu. Karo hulipwa, watoto husoma, nao msitu hurudi nyuma. Basi nyumba hiyo ina maswali mawili. La kwanza ni la busara: je, yafaa mtoto mmoja asomeshwe elimu mbili zinazoonekana kuvutana? La pili ni la dhamiri, nalo ni zito zaidi: je, aliyelishwa na kusomeshwa kwa msitu uliochomwa aweza kuwa mtetezi wa msitu bila unafiki?

Kwanza yafaa tueleze elimu yenyewe ni ipi. Tangu zamani vyuo vimeyatenga mambo haya mawili. Katika jengo moja hufundishwa hesabu za fedha, mikopo, masoko na uongozi wa makampuni. Katika jengo jingine hufundishwa udongo, maji, miti na wanyama. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, hutoa shahada ya uchumi na biashara ya kilimo, na tena hutoa shahada ya sayansi ya mazingira, na kila moja ina wanafunzi wake. Kwingineko wamejaribu kuyaunganisha. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, huko Marekani, iko taasisi iitwayo Erb, ambako mwanafunzi husoma kwa muda wa miaka kama mitatu na kutoka na shahada mbili za uzamili, moja ya biashara na moja ya mazingira. Wenye kuianzisha njia hiyo waliona kwamba aamuaye habari ya fedha huamua pia habari ya mito na miti, apende asipende, ajue asijue. Kama ni hivyo, afadhali ajue.

Hata hivyo neno la baba mkubwa lisidharauliwe. Methali zetu hazikutungwa na wajinga. Mwenye kusoma mawili aweza kutoka chuoni akiwa na nusu na nusu: daftari lake la hesabu haliwezi kusimama mbele ya mkaguzi, wala hawezi kuingia msituni akasema mti huu utakuwa tayari mwaka gani. Mtu wa namna hiyo hafai dukani wala msituni. Tena iko hofu nyingine kubwa kuliko hiyo. Mtu akijifunza maneno mazuri ya mazingira ili ayapake juu ya biashara mbaya, kama seremala anayepaka rangi juu ya mbao zilizooza, hapo elimu mbili zimezaa udanganyifu mmoja. Mambo ya namna hiyo yamekwisha kuonekana duniani, na hakuna shahada inayoweza kuyazuia yenyewe.

Lakini kabla ya kuikataa elimu hii, na tuitazame pwani yenyewe imetufundisha nini.

Watu wa Kilwa hawakungoja chuo kiwafundishe biashara. Ibn Battuta alipofika Kilwa Kisiwani mwaka 1331 aliukuta mji mzuri uliotajirika kwa biashara ya bahari, na hasa kwa dhahabu iliyotoka kusini kupitia Sofala. Mji ule ulipiga sarafu zake wenyewe. Magofu ya Msikiti Mkuu na ya Husuni Kubwa, yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yangali yanashuhudia hata leo kwamba akili ya kununua na kuuza haikukosekana hapa.

Lakini pwani hiyo hiyo yashuhudia jambo jingine. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa walioletwa kutoka bara, hata mkataba wa mwaka 1873 ulipoipiga marufuku biashara hiyo baharini. Hapana shaka wafanya biashara wale walijua kuhesabu. Walijua bei, gharama za safari, hasara ya njiani na faida ya mwisho. Daftari zao zaweza kuwa hazikukosea hata tarakimu moja, na bado hesabu nzima ilikuwa batili, kwa kuwa iliandika mtu mahali pa bidhaa. Baadaye ukaja mpira wa msituni, uliogemwa katika mimea itambaayo juu ya miti. Mwishoni mwa karne ile mpira huo ulikuwa miongoni mwa bidhaa kuu za bandari za Kilwa na Lindi. Wagemaji waliikatakata mimea kwa haraka, maana aliyechelewa aliikuta imekwisha kukatwa na mwenzake. Kisha mashamba ya mpira ya Asia yakaijaza dunia, bei ikaanguka, na biashara ile ikafa. Hapa napo hesabu ilikuwa ya leo tu. Kesho haikuwa na safu yake katika daftari.

Twajifunza kwamba hesabu yaweza kuwa sahihi na isiwe ya haki. Mwalimu wa biashara aweza kufundisha usahihi. Kuliingiza daftarini lile lililoachwa nje, awe ni mtu au mti au mjukuu asiyezaliwa bado, hiyo ni elimu nyingine.

Labda mtu atasema: “Basi weka mtaalamu wa biashara na mtaalamu wa ardhi meza moja, kila mtu na kazi yake, kwa nini kumchosha kijana mmoja kwa elimu mbili?” Neno hilo lina maana, lakini mkoa wa Lindi unalo jibu lake. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga katika Tanganyika, ipate mafuta ya kula. Shauri lilitolewa mwaka 1946 na Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, mtu wa biashara hasa. Aliyetumwa kuja kuitazama nchi alikuwa John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, mtu wa ardhi hasa. Wote wawili walikuwapo. Pakakusudiwa kulima ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zao huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka Mtwara kuelekea Nachingwea ili kubeba karanga hizo. Kazi ilianza mwaka 1947. Huko Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, mvua hazikufuata mpango, na visiki vya vichaka viliyashinda matrekta. Mwanzoni mwa mwaka 1951 serikali ile ilikiri kushindwa, ikiwa imepoteza takriban pauni milioni 36. Reli nayo ikang'olewa katika miaka ya 1960.

Kumbe basi wataalamu wa namna mbili walikuwapo, na bado mambo yakaharibika. Haikutosha kuwa nao upande kwa upande, kwa sababu haraka ya mmoja iliufunika mpaka wa mwingine. Palihitajika mtu wa kuketi penye fedha, akiwa na mamlaka, na kusema: “Udongo huu haukubali, tusimame.” Mwenye kujua udongo peke yake husikilizwa kama mwoga. Mwenye kujua fedha peke yake hajui lini aogope.

Sasa tuutazame mfano ulio karibu zaidi, nao ni wa mpingo. Mti huu, ambao kiini chake ni cheusi na kizito hata huzama majini, ndio unaochongwa vinyago vya Kimakonde, na ndio unaotumika Ulaya na Marekani kutengenezea klarineti na ala nyingine za kupuliza. Hukua polepole mno: hutajwa miaka 70 hadi 100, hata zaidi, kabla haujafaa kukatwa. Aupandaye leo hatauvuna yeye, na huenda hata mwanawe asiuvune.

Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, njia ya Dar es Salaam ilirahisika, na magogo ya kusini yakatoka kwa wingi. Uchunguzi uliotolewa na shirika la TRAFFIC mwaka 2007 ulikadiria kwamba taifa lilikuwa likipoteza hadi dola milioni 58 kwa mwaka kwa mapato ya misitu yasiyokusanywa. Msitu ulikwisha, wala fedha hazikuonekana. Wanakijiji waliokaa karibu na miti walipata kidogo sana, na wengine hawakupata kitu. Nani basi angeulinda mti asiofaidi kwao, hali akiuona ukichukuliwa na mgeni usiku?

Lakini sheria ilikuwa imekwisha kufungua mlango. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ziliviruhusu vijiji kutenga misitu yao wenyewe, kuisimamia, na kupata mapato ya kuvuna humo. Katika wilaya ya Kilwa kazi hiyo ilisaidiwa na shirika la kuhifadhi mpingo, ambalo chanzo chake ni safari ya wanafunzi kutoka Cambridge waliokuja mwaka 1996 kuuchunguza mti huu. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vikapata, kupitia shirika hilo, cheti cha FSC, yaani ushuhuda wa kimataifa kwamba msitu wao unavunwa kwa utaratibu usiouangamiza. Vilikuwa vya kwanza katika Afrika kupewa cheti hicho kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe.

Tazameni kazi yenyewe inavyokwenda. Kwanza msitu huhesabiwa: watu hupita kwa mistari, hupima unene wa miti, huandika. Kutokana na hesabu hiyo hupatikana kiasi kinachoweza kukatwa kwa mwaka bila kuula mtaji wa msitu. Mti usiofikia unene uliowekwa hauguswi. Kisha huja mnunuzi, na hapo hutakiwa maarifa mengine: bei, mkataba, stakabadhi, fedha kuingia katika akaunti ya kijiji, na taarifa kusomwa mbele ya mkutano wa kijiji ili kila mtu ajue shilingi imekwenda wapi. Mapato ya misitu ya namna hii yamejenga madarasa na huduma nyingine katika vijiji vya Kilwa. Lakini daftari la miti likikosewa, msitu utakwisha huku fedha zikionekana safi. Likikosewa la fedha, wanakijiji watakata tamaa, nao msitu utakwisha vile vile. Madaftari haya mawili ni ya kazi moja, na anayeyasoma yote mawili ni mtu wa thamani kubwa kijijini. Hata sasa, sehemu kubwa ya maarifa hayo hutoka kwa mashirika na wageni. Kiti kile kinamngoja mtoto wa Kilwa.

Hapo ndipo tunapoweza kumjibu baba mkubwa kwa heshima. Mzee wetu, methali yako yasema kweli juu ya mambo mawili yanayokimbia huku na huku. Lakini mnunuzi na mti wa mpingo havikimbiani. Vyote viwili vimo katika mkataba mmoja. Akishika mkono mmoja tu, ndipo kitu kitakapomponyoka.

Lugha yetu yenyewe yatusaidia hapa. Tunalo neno kiasi. Kiasi ni kipimo: kiasi cha magogo, kiasi cha fedha. Na kiasi ni pia wema wa moyo: twasema fulani ni mtu wa kiasi, yaani ajua mahali pa kusimama. Wazee waliotuachia neno hili hawakutenga kupima na kujizuia. Elimu ya biashara pamoja na mazingira, ikifundishwa vizuri, ni elimu ya kiasi kwa maana zote mbili. Ikifundisha kupima tu pasipo kujizuia, haifai kulipiwa karo.

Tena kiasi si kimoja kwa vitu vyote. Ufuta huota na kuvunwa katika mwaka mmoja. Mpingo huomba maisha ya mtu mzima. Matumbawe ya bahari ya Kilwa na Lindi, yanayopasuliwa na wavuvi haramu wa baruti kwa dakika moja, hujijenga tena kwa miaka mingi sana, kama yakijijenga. Na gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, haioti tena kamwe. Kila siku yatolewa na hairudi. Mwenye elimu ya biashara peke yake huviandika vyote vinne kama mapato. Aliyejifunza kiasi ajua kwamba cha kwanza ni mavuno, cha pili ni urithi, cha tatu ni nyumba ya samaki, na cha nne ni akiba inayopungua, ambayo fedha zake zikiliwa zote leo, watoto watabaki na bomba tupu.

Sasa turudi mkekani, kwa yule baba aliyenyamaza. Hatuna haki ya kumhukumu. Aliyefyeka ili mtoto asome hakufanya hivyo kwa anasa, na ni rahisi kwa mtu wa mjini, alaye mkate wa ngano iliyolimwa mahali palipokuwa msitu zamani, kumlaumu mkulima wa Kilwa. Hata hivyo kimya chake kilikuwa cha haki. Alijua kwamba gharama ya elimu ile haikuandikwa yote katika barua ya chuo. Sehemu yake ililipwa na miti.

Je, basi binti ni mnafiki akisoma? Sisi twasema sivyo. Unafiki ni kuficha deni. Anayelijua deni na kulikubali ameanza kulilipa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekula chakula kisichoiondolea ardhi kitu. Lakini kutokana na hilo wajibu unazaliwa: elimu iliyonunuliwa kwa shamba la ufuta yapaswa kurudi shambani. Irudi ikiwa na njia ya kulima eneo lile lile miaka mingi bila kuhama, na hesabu ya kumwonyesha baba kwamba shamba la zamani likitunzwa laweza kumfaa kuliko kufyeka jipya kila baada ya misimu michache. Irudi na soko la mti uliosimama. Binti akiishia katika ofisi ya mbali akiandika taarifa nzuri juu ya misitu ya watu wengine, naye baba yake akiendelea kufyeka kwa kukosa njia, deni litakuwa bado halijalipwa.

Kwa wazazi wanaofikiri habari hii, twashauri mambo machache. Msimpeleke mtoto kwa sababu jina la shahada lapendeza. Ulizeni chuo: je, atajifunza hesabu za fedha mpaka aweze kufunga daftari la mwaka, au ataambiwa juu juu tu? Je, ataingia msituni na baharini kupima kwa mikono yake? Je, atakaa kijijini walau kwa muda, asikilize wale wanaoishi na matokeo ya maamuzi? Kama majibu ni mabaya, afadhali asome jambo moja kwa ukamilifu, kisha baadaye aongeze la pili. Mtoto asiwadai wazazi haraka, wala wazazi wasimdai mtoto ajira siku ya pili baada ya mahafali, kwa maana nafasi za kazi ni chache na shahada yenye majina mawili haina ahadi ya mishahara miwili.

Wala msingoje chuo kuanza. Mtoto anayeonyeshwa nyumbani kwamba mbegu bora haziliwi hata katika mwezi wa shida, amekwisha kupata somo la kwanza la shahada hiyo. Chuo kitampa vipimo. Moyo wa kiasi hutoka nyumbani.

Mwisho, mtihani wa kweli wa msomi huyu hautafanyika katika chumba cha mitihani. Utafanyika siku ile mnunuzi atakapofika kijijini na fedha mkononi, akitaka magogo machache zaidi ya yaliyoandikwa, hali paa la shule linavuja na wanakijiji wote wanamtazama yeye. Siku hiyo atahitaji kujua hesabu ya miti, ili awe na hakika. Atahitaji kujua hesabu ya fedha, ili awaonyeshe wenzake njia nyingine ya kulipata paa. Kisha atahitaji ujasiri wa kumwambia mnunuzi, na labda baba yake mwenyewe, neno moja: “Basi.” Yule baba wa mkekani na aipeleke karo, na amwambie binti yake wazi fedha hizo zilitoka wapi.